Kujenga femuwea ya ruta kwa OpenWrt: njia nne, na ipi ikufae ukiwa Unguja au Pemba

Mwenye gesti Mji Mkongwe anachotaka ni kimoja tu: mgeni wa chumba cha juu apate Wi-Fi kama aliyekaa mapokezi. Kuta nene za mawe ya matumbawe hazipitishi mawimbi, na kutoboa ukuta ndani ya mji uliomo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 si jambo la kuamka asubuhi ukachukua drili. Basi fundi anaweka ruta tatu zinazopokezana hewani, yaani meshi. Na kwa kuwa ruta nyingi za bei nafuu hutoka kiwandani bila meshi ya namna hiyo, anageukia OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaowekwa kwenye ruta badala ya femuwea (programu ya ndani) ya kiwandani.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Anatafuta maelekezo, anaangukia ya kujenga OpenWrt yote kutoka msimbo chanzo, anasakinisha orodha ndefu ya programu asizozijua kazi yake, bando linakwisha, laptopu inachemka, na hadi isha hajapata faili la kuweka kwenye ruta. Kumbe alichohitaji kubadilisha ni pakeji moja, yaani programu moja ndani ya femuwea.

Makala hii inalinganisha njia nne za kupata femuwea yako ya OpenWrt, na kipimo changu kikuu ni vitegemezi. Kwa vitegemezi nakusudia kila programu, maktaba na skripti ambayo lazima iwepo, kwenye kompyuta yako au kwenye seva ya mtu mwingine, ndipo faili litoke. Kila kitegemezi kinakula bando, kinaweza kuharibika siku ya sasisho, na kinataka uaminifu wako. Maelezo ni ya toleo la 24.10, lililotoka Februari 2025. Tawi la maendeleo lilishahama kutoka opkg, zana ya kuweka na kutoa pakeji, kwenda apk tangu Novemba 2024, kwa hiyo matoleo ya baadaye yatakuwa na tofauti za amri, ila hoja ni zile zile.

| Njia | Kompyuta yako inahitaji nini | Unaweza kubadilisha nini |
|---|---|---|
| Firmware Selector | Kivinjari tu | Pakeji, na skripti moja ya mwanzo |
| ImageBuilder | Linux na zana chache za kawaida | Pakeji na mafaili yoyote |
| SDK | Hizo, pamoja na nafasi zaidi ya diski | Pakeji uliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C |
| Msimbo wote | Kompaila (kigeuza msimbo kuwa programu), maktaba nyingi, diski, muda | Kila kitu, hadi keneli (kiini cha Linux) |

Msimamo wangu nautanguliza: kazi nyingi za gesti, skuli na ofisi za hapa kwetu zinaishia kwenye ImageBuilder. Anayeanza moja kwa moja na msimbo wote amekodi jahazi zima kupeleka mkoba mmoja Pemba.

## Firmware Selector: vitegemezi viko kwa wengine

Unafungua firmware-selector.openwrt.org, unaandika jina la ruta, unafungua sehemu ya kubadilisha pakeji, unaongeza na kutoa unavyotaka, unabofya. Seva inajenga, wewe unapakua faili moja la megabaiti chache. Hata simu inatosha. Kwa mtu mwenye ruta moja nyumbani, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapa.

Lakini vitegemezi havikutoweka, vimehamia kwenye seva. Nyuma ya ukurasa ule inaendeshwa ImageBuilder ile ile nitakayoieleza hapa chini. Na Desemba 2024 tuliona maana yake. Mtafiti wa usalama aitwaye RyotaK aligundua kasoro mbili katika huduma hiyo, zikasajiliwa kwenye orodha ya kasoro za usalama kama CVE-2024-54143. Ya kwanza: majina ya pakeji yaliyotumwa na mtumiaji yangeweza kuingiza amri ndani ya ujenzi. Ya pili ndiyo iliyonishangaza zaidi: hashi ya SHA-256 (alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo) inayotambulisha kila ombi ilikuwa imekatwa ikabaki herufi 12, kwa hiyo mtu aliweza kutengeneza ombi lingine lenye alama ile ile na kukupakulia femuwea yake badala ya yako. OpenWrt walirekebisha haraka, na mafaili rasmi yaliyotolewa tayari hayakuhusika. Hata hivyo walishauri watu waliojenga kwa njia hiyo waweke upya femuwea zao kwa tahadhari.

Sisemi uiache. Ila kuna tabia moja ya mafundi wetu ambayo ningeikataza kabisa: kuandika nywila ya Wi-Fi ya mteja ndani ya ile skripti ya mwanzo. Unaipeleka siri ya mtu kwenye seva isiyokuwa yako. Weka jina la mtandao na mipangilio ya kawaida, nywila iingize ruta ikiwa mkononi.

## ImageBuilder: mahali pa kukaa

ImageBuilder ni folda iliyobanwa ambayo ndani yake keneli na zana za kuunganisha zimeshakompailiwa. Wewe hukompaili chochote. Unachagua pakeji zipi ziingie, inazipakua, inazifunga pamoja, basi. Uzito wake unategemea familia ya chipu, kutoka makumi hadi mamia ya megabaiti, na unapakua mara moja kwa kila toleo. Upande wa kompyuta inataka make, Python 3, gawk, rsync, wget, unzip, zstd ya kulifungulia faili lenyewe, na nyinginezo chache. Kwenye Ubuntu au Debian ya kawaida nyingi ya hizo unazikuta zimo.

Tuchukue mfano wa kweli. Xiaomi Mi Router 4A Gigabit ina flashi (hifadhi ya ndani ya ruta) ya megabaiti 16 na RAM ya megabaiti 128, chipu yake ni MT7621. Kwanza geuza kifaa usome nyuma: kuna toleo la kwanza na la pili, na femuwea zake haziingiliani. Kwa toleo la kwanza, ukiwa ndani ya folda ya ImageBuilder ya ramips/mt7621:

```
make image PROFILE="xiaomi_mi-router-4a-gigabit" \
  PACKAGES="-wpad-basic-mbedtls wpad-mesh-mbedtls -ppp -ppp-mod-pppoe" \
  FILES="files"
```

Alama ya kutoa mbele ya jina ina maana "hii usiiweke". Hapa tumetoa wpad (programu ya usalama wa Wi-Fi) ya kawaida na kuweka yenye meshi, maana haziwezi kukaa pamoja. Tumetoa pia ppp, kwa kuwa ruta za ndani ya gesti hazipigi zenyewe muunganisho kwa mtoa huduma. (Kama yako inaunganishwa kwa PPPoE, iache.) Folda ya `files` inabeba mipangilio. Skripti ukiiweka ndani ya `files/etc/uci-defaults/` inaendeshwa mara moja ruta inapowaka kwa mara ya kwanza, kisha inafutwa yenyewe. Na hapa nywila haiendi popote nje ya laptopu yako.

Mambo mawili huwakwaza wageni wa ImageBuilder. La kwanza, ruta inawaka lakini ukurasa wa mipangilio kwenye kivinjari haupo. Haijaharibika. Femuwea rasmi huja na LuCI, ndiyo ukurasa huo; ImageBuilder haiiweki mpaka uiandike kwenye PACKAGES. Mimi ruta za juu za gesti naziacha bila LuCI makusudi na kuzisimamia kwa SSH, yaani kwa amri kutoka mbali. Ile ya mapokezi ndiyo naiwekea, kwa sababu kijana wa mapokezi atataka kubadilisha nywila msimu wa wageni ukianza.

La pili, ujenzi unamalizika bila kelele lakini faili la sysupgrade (lile la kuweka kwenye ruta) halimo kwenye `bin/targets`. Pandisha maandishi juu usome: utakuta onyo kwamba femuwea imezidi ukubwa wa flashi. Rudi ukapunguze.

Na kupunguza kunahitaji kujua jambo hili. Pakeji zilizoingizwa wakati wa kujenga hukaa kwenye squashfs, sehemu iliyobanwa sana na isiyoandikika. Pakeji unayoiongeza baadaye kwa opkg hukaa sehemu ya juu yake, ambako inachukua nafasi kubwa zaidi. Na ukifuta kwa opkg kitu kilichokuja na femuwea, hupati nafasi hata baiti moja: kinafichwa tu, kipo chini pale pale. Kwa hiyo fundi anayesema "nitaweka femuwea rasmi halafu nipunguze" anajichosha. Punguza kabla, si baada.

### Vitegemezi vinavyoingia ndani ya ruta

Nakaa hapa kidogo kwa sababu ndipo ninapoona ubadhirifu mwingi. Mtu anataka skripti ya kumpa taarifa intaneti ikikatika. Anaizoea Python, anaweka python3, zinaingia megabaiti kadhaa za maktaba kwa kazi ya mistari kumi. Anataka kutuma ombi la HTTP, anaweka curl. Anataka kusoma JSON, anaweka jq.

Vyote hivyo OpenWrt inavyo tayari. Kuna uclient-fetch, ambayo ndiyo inayoitika ukiandika wget. Kuna jsonfilter ya kusomea JSON. Kuna ash kwa skripti, na tangu toleo la 22.03 kuna ucode, lugha ndogo inayotumiwa na ukuta wa moto wenyewe, kwa hiyo imo utake usitake. Skripti ya ucode ukiiweka kwenye `files` haiongezi kitegemezi hata kimoja. Kabla ya kuandika jina jipya kwenye PACKAGES, ingia kwenye ruta inayofanya kazi uandike `opkg list-installed`. Isome yote, si ndefu.

Na wale wanaoniuliza kuhusu ruta kuukuu za flashi ya megabaiti 4 na RAM ya 32, zile zinazouzwa bei ya kutupa: hakuna kupunguza kutakakoziokoa. Msaada wa vifaa vya ukubwa huo uliishia toleo la 19.07, na toleo hilo halipati tena marekebisho ya usalama tangu 2022. Usimwekee mteja.

## SDK: ukiandika C mwenyewe

SDK (seti ya zana za kuandikia programu) inakuja na kompaila ya chipu yako ikiwa tayari, unakompaili pakeji yako moja, unapata faili la .ipk, unalitia kwenye folda ya `packages` ya ImageBuilder. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SUZA Tunguu au wa chuo cha Karume pale Mbweni anayetengeneza mradi wa mwaka wa mwisho, tuseme ruta inayosoma mita ya maji kupitia USB, anaihitaji. Wengine wengi hawaihitaji.

Ina mtego mmoja. Ukiandika `make` peke yake, itaanza kukompaili kila kitu, kwa sababu mipangilio yake ya mwanzo imechagua pakeji zote. Ingia `make menuconfig`, sehemu ya Global Build Settings, uondoe alama za kuchagua vyote, halafu kompaili kwa jina: `make package/mita/compile`. Vivyo hivyo kwenye feeds (orodha za pakeji za ziada): usiandike `install -a`, taja maktaba unayoitaka.

## Msimbo wote: lini, na upunguze nini

Kuna nyakati hakuna njia nyingine. Ruta haimo kwenye orodha na unataka kuiandikia faili lake la vifaa. Dreva ina kasoro na unataka kuitia kiraka. Keneli inahitaji chaguo lililozimwa. Hapo chukua msimbo wote, lakini ujue unaingia wapi.

OpenWrt haitumii kompaila ya kompyuta yako kujenga femuwea. Inaitumia kujenga kompaila nyingine. Kwanza inajenga zana zake za pembeni (m4, autoconf, cmake na wenzake), kisha binutils, GCC na maktaba ya musl, na baada ya hapo ndipo inagusa keneli. Tarball (kifurushi cha msimbo) ya keneli 6.6 peke yake ni karibu megabaiti 140, ya GCC 13 inakaribia 90, na bado nyingine nyingi. Diski tenga gigabaiti 15 au zaidi. Kwenye laptopu ya zamani ujenzi wa kwanza ni wa saa nyingi. Umeme ukikatika katikati si msiba, make itaendelea ilipoishia, ingawa mara nyingine inabidi usafishe pakeji iliyokatika na kuianza upya.

Utaratibu unaookoa bando ni huu: andaa mipangilio, kisha andika `make download` ukiwa mahali penye mtandao mzuri, chuoni au ofisini kwa rafiki. Inapakua msimbo wote unaotakiwa na kuuweka kwenye folda ya `dl`, na kila tarball hukaguliwa kwa hashi iliyoandikwa kwenye maelekezo ya pakeji yake. Ukirudi nyumbani unajenga bila intaneti. Folda ya `dl` inaweza kuhamishwa kwa flashi ya USB, na wenzako wakaitumia.

Kisha punguza. Usisakinishe feeds zote. Ukiweka `install -a` menyu inajaa pakeji maelfu, na ukichagua moja kwa bahati mbaya inavuta nyingine kumi. Chagua kifaa kimoja, si familia nzima. Hifadhi tofauti zako tu kwa `./scripts/diffconfig.sh`, faili la mistari michache linalosomeka, badala ya `.config` yote.

Kwa walio kwenye Windows wanaotumia WSL (Linux ndani ya Windows): weka msimbo ndani ya mfumo wa Linux wenyewe, si kwenye `/mnt/c`, kwa sababu ujenzi unahitaji mfumo wa mafaili unaotofautisha herufi kubwa na ndogo. Na WSL huleta njia za Windows ndani ya PATH (orodha ya folda za programu) zikiwa na nafasi katikati, kama "Program Files", jambo ambalo OpenWrt hailivumilii. Safisha PATH kabla ya kuandika make.

Anayejenga U-Boot, programu inayoiwasha ruta, peke yake naye ana pa kupunguza. Zana yake ya mkimage huvuta OpenSSL, maktaba ya usimbaji, na wengi wanadhani ni lazima. OpenSSL inahitajika kwa kutia saini, kuthibitisha na kufunga kwa siri femuwea. Kama hutii saini, zima `CONFIG_TOOLS_LIBCRYPTO`, zana zitajengeka bila hiyo. `CONFIG_TOOLS_MKEFICAPSULE` nayo inaleta GnuTLS kwa ajili ya kapsuli za EFI, ambazo ruta yako ya gesti haina habari nazo. Ila kama unatia saini, basi OpenSSL ni kitegemezi cha haki. Usikiondoe kwa sababu tu umesoma makala ya kupunguza.

Kwa nini nasumbuka na maktaba moja moja? Kwa sababu ya xz, programu ya kubana mafaili. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa PostgreSQL, aliona SSH inachelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde isivyo kawaida. Alifuatilia mpaka akakuta mlango wa siri ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Kipande cha skripti ya ujenzi kilichouwasha hakikuwemo kwenye Git, hazina ya wazi ya msimbo, kilikuwa kwenye tarball tu, mahali ambapo watu hawasomi. Na OpenSSH yenyewe haihitaji xz kabisa. Baadhi ya wasambazaji wa Linux waliitia kiraka itumie libsystemd, kusudi iweze kusema "nimeshawaka", na libsystemd ndiyo iliyokuja na liblzma, maktaba ya xz, mgongoni. Taarifa ya neno moja ilileta maktaba nzima, na maktaba ikaleta mlango.

## Ruta ikiwa Wete, Pemba, na wewe uko Malindi, Unguja

Kwa kazi za Pemba naongeza kipimo kingine: je, naweza kujenga faili lile lile mwezi ujao? Ruta ikigoma Wete, hutaki kugundua siku ya kupanda boti kwamba pakeji zimebadilika. Hapa ImageBuilder inaishinda Firmware Selector waziwazi. Baada ya ujenzi uliofanikiwa, nakili pakeji kutoka `dl` kwenda `packages`, kisha kwenye `repositories.conf` weka alama ya # mbele ya mistari inayoelekea mtandaoni na uache ule wa folda ya ndani. Jaribu kujenga ukiwa umezima data. Ikitoka, bana folda nzima, andika jina la mteja na namba ya toleo, weka nakala kwenye flashi mbili za USB. Moja inabaki kwako, nyingine ipelekwe na mtu anayeaminika akamwachie mwalimu wa kompyuta au yeyote aliye karibu na ruta, pamoja na waya wa Ethernet na karatasi ya hatua za kuirudisha, maana ruta iliyogoma haitakuwa na Wi-Fi ya kuingilia.